Alfred Dunhill

Alfred Dunhill (Hornsey, 30 Septemba 1872 – Worthing, 2 Januari 1959) alikuwa mfanyabiashara, mbunifu na mwandishi wa Uingereza. Anajulikana hasa kwa duka la tumbaku alilolifungua jijini London mwaka 1907, kwa viko vyenye alama ya nukta nyeupe, na kwa desturi ya kumchanganyia kila mteja tumbaku kulingana na ladha aliyoipenda na kuiandika katika daftari ili iweze kutengenezwa tena.

Jina lake leo limo katika nguo, mikoba, manukato na sigara, vitu ambavyo vingi havikupita mikononi mwake. Kazi yake mwenyewe ilikuwa ndogo kuliko jina hilo, lakini ilikuwa na wazo lililo wazi: kwamba ladha za watu hazifanani, na kwamba tofauti hizo zinaweza kupimwa, kuandikwa na kulinganishwa. Wazo hilo lilimtajirisha. Hata hivyo bidhaa aliyoitumia kulitekeleza ni ile ambayo, katika miaka yake ya mwisho, wataalamu wa tiba walithibitisha kwamba inaua.

Maisha ya awali

Dunhill alizaliwa Hornsey, kijiji cha wakati ule ambacho sasa ni sehemu ya kaskazini ya London. Baba yake, Henry Dunhill, alikuwa na biashara ya matandiko ya farasi katika barabara ya Euston: hatamu, lijamu, mikanda na vifaa vya mikokoteni. Mdogo wake, Thomas Dunhill (1877–1946), alikuwa mtunzi wa muziki aliyejulikana nchini Uingereza.

Akiwa na umri wa miaka 15 Alfred aliacha masomo na kuingia katika biashara ya baba yake kama mwanagenzi. Huko alijifunza kuchagua ngozi, kuikata na kuishona, na pia kusikiliza wateja waliotaka kitu cha namna yao. Mwaka 1893, akiwa na miaka 21 hivi, alishika uongozi wa biashara hiyo.

Wakati huo biashara ya matandiko ilionekana kuwa salama, kwa sababu London nzima ilisafiri kwa farasi. Lakini magari ya kwanza yalikuwa yameanza kutengenezwa Ujerumani na Ufaransa, na mwenye kuuza hatamu alipaswa kuamua kama atayapuuza au la.

Vifaa vya magari

Mwaka 1896 sheria mpya ya Uingereza iliruhusu magari kwenda hadi maili 14 kwa saa, yaani takriban kilomita 22. Mwaka 1903 kikomo kilipandishwa hadi maili 20. Magari ya wakati huo hayakuwa na paa wala kioo cha mbele, na barabara zilikuwa za vumbi. Dereva alihitaji koti zito, miwani, glavu, taa na honi, na watengenezaji wa magari hawakuuza vitu hivyo.

Dunhill aliona nafasi hiyo. Aligeuza ujuzi wa ngozi kuwa biashara ya vifaa vya wenye magari, akaviita Dunhill's Motorities. Katalogi yake ilikuwa na makoti ya ngozi, miwani ya kuzuia vumbi, saa, taa, honi na vikapu vya chakula cha safarini. Tangazo lake lilidai kwamba duka lina kila kitu cha gari isipokuwa injini yenyewe. Kati ya vitu vilivyozungumzwa sana ni miwani iliyouzwa ili kumsaidia dereva kumwona askari wa barabarani kutoka mbali kabla hajapimwa mwendo.

Miaka hiyo ilimpa Dunhill mambo mawili aliyoyatumia baadaye. La kwanza ni wateja matajiri, kwa kuwa gari lilikuwa anasa ya wachache. La pili ni tabia ya kuanza na shida ya mtumiaji, kisha kutafuta kifaa cha kuitatua.

Kiko cha dereva

Mojawapo ya shida hizo ilimpeleka kwenye tumbaku. Dereva aliyevuta kiko katika gari lisilo na kioo alisumbuliwa na upepo: moto ulizimika, au tumbaku iliungua haraka mno na cheche zikaruka machoni. Mwaka 1904 Dunhill alipata hataza ya kiko chenye ukuta ulioinuka upande wa mbele wa bakuli, ambao ulikinga moto dhidi ya upepo.

Kiko hicho hakikudumu sana, kwa kuwa magari yalipata vioo baada ya muda mfupi. Lakini kilimwonyesha Dunhill kwamba wavutaji wa viko walikuwa tayari kulipia kitu kilichofikiriwa vizuri.

Duka la Duke Street

Mwaka 1907 alifungua duka dogo la tumbaku katika barabara ya Duke Street, mtaa wa St James's. Eneo hilo lilikuwa na klabu nyingi za mabwana wa tabaka la juu, maofisa wa jeshi na wanasiasa. Lilikuwa pia na maduka ya tumbaku ya zamani yenye sifa, na Dunhill hakuwa na uzoefu wowote wa kazi hiyo. Asingeweza kushindana kwa jina.

Alichagua njia nyingine. Badala ya kumwambia mteja kwamba mchanganyiko wa duka ndio bora, alimwuliza anapenda nini. Mteja alinusa majani mbalimbali na kueleza anataka tumbaku laini au kali, yenye utamu au yenye harufu ya moshi, ya asubuhi au ya baada ya chakula cha jioni. Muuzaji alipima majani kwa uwiano, akachanganya kiasi kidogo, na mteja akajaribu. Kama hakuridhika, aina moja iliongezwa na nyingine ikapunguzwa.

Mteja aliporidhika, mchanganyiko wake ulipewa namba na kuandikwa katika daftari lililoitwa My Mixture, pamoja na jina lake na viwango vya kila jani. Tangu hapo aliweza kuagiza tumbaku ileile kwa barua kutoka mahali popote kwa kutaja namba tu. Baadhi ya michanganyiko iliyoanza kwa mtu mmoja ilipendwa na wengine, ikauzwa kwa watu wote. Maarufu kuliko yote ni namba 965.

Daftari hilo ndilo lililotofautisha duka la Dunhill. Kuchanganya tumbaku kwa kaunta hakukuwa jambo jipya London, kwani wauzaji wengi walifanya hivyo. Jipya lilikuwa kulichukulia kila chaguo la mteja kama taarifa ya kutunzwa. Bila maandishi, ladha hubaki kumbukumbu, nayo kumbukumbu ya ulimi hupotea haraka. Kwa maandishi, mchanganyiko wa mwaka huu unaweza kulinganishwa na wa mwaka jana.

Majani na michanganyiko

Ili kuelewa kazi iliyofanyika katika duka hilo ni lazima kujua aina kuu za majani yaliyotumika. Mmea ni uleule, lakini mbegu, udongo na hasa namna ya kukausha hubadilisha ladha kabisa.

Jani la Virginia hukaushwa kwa joto ndani ya mabani bila kuguswa na moshi. Huko Tanzania huitwa tumbaku ya mvuke, na hulimwa kwa wingi mkoani Tabora. Lina sukari nyingi, hivyo ladha yake ni tamu kidogo, na likivutwa haraka huunguza ulimi.

Majani ya Mashariki, kutoka Uturuki, Ugiriki na nchi jirani, ni madogo na hukaushwa kwa jua. Harufu yake ni kali na yenye ukavu, mfano wa viungo.

Latakia limepewa jina la mji wa bandari wa Syria. Ni jani la Mashariki lililotundikwa juu ya moto wa kuni na vichaka vyenye harufu mpaka likawa jeusi. Katika karne ya 20 Kipro ilichukua nafasi ya Syria kama chanzo chake kikuu. Mkoani Ruvuma, Tanzania, kuna tumbaku inayokaushwa kwa moshi pia, lakini ni jani la aina nyingine na ladha yake si ya Latakia.

Perique hutoka wilaya ya St. James katika jimbo la Louisiana, Marekani. Majani hushindiliwa ndani ya mapipa kwa nguvu na kuachwa yachachuke katika maji yake yenyewe kwa mwaka mmoja au zaidi. Ni makali, na huwekwa kidogo tu, kama pilipili katika mchuzi.

Cavendish si jani la pekee bali ni namna ya kuandaa: majani hupashwa moto au mvuke na kukandamizwa mpaka yawe laini na ukali upungue.

Michanganyiko ya Dunhill iliyojulikana zaidi ilitokana na kupanga majani haya kwa viwango tofauti. Namba 965 iliunganisha Latakia, majani ya Mashariki na Cavendish. Early Morning Pipe ilikuwa nyepesi, kwa ajili ya kiko cha kwanza cha siku. Nightcap ilikuwa nzito, yenye Latakia na Perique, kwa ajili ya usiku. Royal Yacht ilitegemea Virginia. Majina ya namna hii yalimsaidia mteja kuchagua hata kama hakujua majina ya majani.

Utengenezaji wa viko

Mwanzoni Dunhill aliuza viko vilivyotengenezwa na wengine. Hakuridhika navyo, na mwaka 1910 alianzisha karakana yake ndogo karibu na duka. Mali ghafi ilikuwa fundo la mzizi wa mti uitwao kwa jina la kisayansi Erica arborea, unaokua pande za Mediteranea. Mti huohuo hupatikana pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki, ukiwemo Kilimanjaro. Fundo lake ni gumu, halishiki moto kwa urahisi na huvumilia joto la tumbaku inayowaka.

Viko vyake viliuzwa kwa bei ya juu kuliko kawaida. Dunhill alieleza bei hiyo kwa ubora wa mbao na kazi ya mikono, na aliahidi kubadilisha kiko kilichoonekana na kasoro.

Alama ya nukta nyeupe juu ya mdomo wa kiko ilianza katika miaka ya 1910. Sababu yake ilikuwa ya kazi tu. Midomo ya kiko ilichongwa kwa mkono na ilifanana juu na chini, hivyo mtumiaji aliweza kuichomeka kinyume na kuiharibu. Nukta ilimwonyesha upande wa juu. Baadaye ikawa nembo inayotambulika duniani kote.

Mwaka 1917 Dunhill aliomba hataza ya njia ya kumalizia kiko kwa kupuliziwa mchanga kwa nguvu. Mchanga huondoa sehemu laini za mbao na kuacha mistari migumu imetokeza. Kiko huwa chepesi, na uso wake mkubwa zaidi husaidia kupoza joto. Aina hiyo iliitwa Shell, na njia yenyewe iliigwa na watengenezaji wengi hataza ilipokwisha.

Kampuni ilikuwa pia na desturi ya kupiga namba ndogo juu ya kiko kuonyesha mwaka wa kutengenezwa. Kwa hiyo hata leo kiko cha Dunhill cha miaka ya 1920 kinaweza kujulikana umri wake.

Vita na kupanuka

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia (1914–1918) duka lilituma viko na tumbaku kwa maofisa waliokuwa vitani Ufaransa. Desturi ya kuagiza kwa barua, iliyowezeshwa na daftari la namba, ilifaa sana hali hiyo: ofisa aliyekuwa katika mahandaki aliweza kupata mchanganyiko wake wa nyumbani. Makopo yaliyofungwa vizuri yalilinda tumbaku dhidi ya unyevu. Maofisa wa nchi nyingine waliona viko vile, na jina likaenea nje ya Uingereza.

Mwaka 1921 kampuni ilipata hati ya kifalme ya kumhudumia mwana mfalme Edward, aliyekuwa mrithi wa kiti cha ufalme. Katika miaka hiyo yalifunguliwa maduka New York na Paris. Kampuni ilianza kuuza pia kiberiti cha mafuta kilichoweza kuwashwa kwa mkono mmoja, kilichobuniwa na Wise na Greenwood. Mfano wake wa kwanza ulitengenezwa ndani ya kopo dogo la haradali. Kiberiti hicho, kilichoitwa Unique, kilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizofanikiwa sana za kampuni.

Kitabu

Mwaka 1924 Dunhill alichapisha kitabu The Pipe Book. Kinaeleza historia ya viko na namna za kuvuta katika sehemu mbalimbali za dunia, ikiwemo Amerika, Asia na Afrika, pamoja na viko vya udongo, mawe, mifupa, mbao na vile vya kupitisha moshi majini. Dunhill alikuwa mkusanyaji wa viko, na kitabu kinaonyesha udadisi huo. Mbinu yake ni ileile ya dukani: kuweka vitu pamoja, kutazama tofauti zake na kuandika.

Kitabu kingine, The Gentle Art of Smoking cha mwaka 1954, mara nyingine hudhaniwa kuwa chake. Kiliandikwa na mwanawe, Alfred Henry Dunhill.

Familia na miaka ya mwisho

Dunhill alimwoa Alice Stapleton, wakapata watoto wanne: Alfred Henry, Vernon, John na Mary. Biashara ilikuwa ya ukoo. Ndugu waliingia, watoto walikulia dukani, na ndugu yake Herbert alishughulikia sana mambo ya fedha.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ikiwa katika kilele chake, Alfred aliacha kazi. Aliondoka pia nyumbani, akamwacha mkewe na kwenda kuishi na mwanamke mwingine, Vera Wright. Waliishi Worthing, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Tangu hapo hakuonekana sana katika shughuli za kampuni iliyobeba jina lake, na uongozi ulibaki kwa ndugu na watoto wake. Vernon alifariki mwaka 1938.

Kuondoka huko kuliwaacha watoto katika hali ngumu. Jina juu ya mlango lilikuwa la baba, na wateja waliendelea kulinunua, lakini mwenye jina hakuwepo. Mary Dunhill (1906–1988) alieleza historia ya familia katika kitabu chake Our Family Business cha mwaka 1979, ambacho kimekuwa njia kuu ya kumjua Alfred kama mzazi na si kama nembo.

Mwezi Aprili 1941, wakati wa mashambulizi ya ndege za Ujerumani dhidi ya London, duka la Duke Street lilibomolewa kwa bomu. Alfred Henry aliendelea kuuza bidhaa zilizookolewa akiwa kwenye meza iliyowekwa kando ya vifusi. Duka lilijengwa upya baada ya vita.

Alfred Dunhill alifariki Worthing tarehe 2 Januari 1959, akiwa na umri wa miaka 86.

Kampuni baada ya kifo chake

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mary Dunhill alikuwa mwenyekiti wa kampuni, jambo lisilo la kawaida kwa mwanamke katika biashara ya Uingereza ya wakati huo, hasa biashara ya tumbaku. Mwaka 1967 kampuni ya sigara ya Carreras ilinunua sehemu kubwa ya hisa, na udhibiti wa familia ukaanza kufifia.

Baadaye jina liligawanyika. Nguo na bidhaa za ngozi ziliendelea chini ya kundi la Richemont. Sigara zenye jina la Dunhill ni mali ya British American Tobacco, nazo huuzwa katika nchi nyingi, ikiwemo Kenya. Viko huuzwa kwa jina la White Spot, yaani nukta nyeupe.

Michanganyiko ya kiko ilihama mara kadhaa. Mwaka 1981 utengenezaji wake ulihamishwa kutoka London kwenda kiwanda cha Murray mjini Belfast. Mwaka 2005 ulihamia Denmark. Mwaka 2018 tumbaku za kiko zenye jina la Dunhill zilisitishwa, na kuanzia mwaka 2019 nyingi kati yake zilirudi sokoni kwa jina la Peterson.

Makopo ya zamani na ulinganishaji wake

Kuhama huko kumezaa shughuli ambayo Dunhill mwenyewe asingeitarajia. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hutafuta makopo ya zamani ambayo hayajafunguliwa, wakayafungua baada ya miaka 20, 30 au zaidi na kulinganisha ladha zake. Umri wa kopo hukadiriwa kwa kuangalia anwani iliyochapishwa, hati za kifalme zilizotajwa, maonyo ya afya, lebo ya kodi na umbo la kopo.

Tumbaku iliyofungwa vizuri hubadilika polepole. Katika Virginia, ukali hupungua, rangi hukolea na utamu huwa mzito zaidi. Harufu ya moshi ya Latakia, kinyume chake, hufifia kadiri miaka inavyopita, na majani ya Mashariki hupoteza sehemu ya harufu yake. Majani yaliyokaa pamoja hubadilishana harufu, hata ikawa vigumu kutenganisha moja na jingine. Kwa hiyo kukaa muda mrefu hakumaanishi kila mara kuwa bora. Mchanganyiko uliojengwa juu ya Virginia huweza kufaidika kwa miongo, na uliotegemea Latakia huweza kupoteza kile kilichoupa sifa. Kopo lililopata kutu na kuingiza hewa hutoa vumbi kavu tu.

Wanaolinganisha kwa uangalifu hutumia kiko safi kisicho na mabaki ya tumbaku nyingine, huacha tumbaku zote zifike kiwango kimoja cha unyevu, hunusa kabla ya kuwasha, na hunywa maji kati ya moja na nyingine. Wengine huficha majina ili wasidanganywe na sifa ya kopo.

Hata hivyo kuna ugumu mkubwa. Anayelinganisha namba 965 ya London ya miaka ya 1960 na ile ya Denmark halinganishi umri pekee. Kiwanda ni kingine, mashine ni nyingine, na majani yametoka kwa wakulima wengine. Tofauti anayoionja inaweza kuletwa na lolote kati ya hayo. Jina lililoandikwa juu ya kopo linadai kwamba kitu ni kilekile, lakini jina haliwezi kulithibitisha hilo. Jibu la karibu zaidi hupatikana kwa kulinganisha makopo ya kiwanda kimoja yaliyofungwa miaka tofauti.

Tumbaku na afya

Dunhill alifanya kazi zake zote kubwa kabla ya madhara ya tumbaku kuthibitishwa kisayansi. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha nchini Uingereza utafiti uliohusisha uvutaji na saratani ya mapafu, na mwaka 1954 walitoa matokeo ya awali ya uchunguzi wao juu ya madaktari wa nchi hiyo. Wakati huo Dunhill alikuwa mzee aliyekwisha kustaafu. Mwaka 1962, miaka mitatu baada ya kifo chake, Chuo cha Kifalme cha Matabibu kilitoa ripoti iliyofanya suala hilo lijulikane na umma.

Kiko si salama. Wavutaji wake wengi hawavuti moshi hadi mapafuni kama wavutaji wa sigara, lakini moshi hukaa mdomoni, nao husababisha saratani ya midomo, ulimi, koo na umio, pamoja na magonjwa ya mapafu na moyo. Nikotini huleta uraibu kwa njia yoyote inayoingizwa mwilini. Ubora wa majani, umri wa mchanganyiko au ufundi wa kiko haupunguzi hatari hiyo. Tumbaku iliyochanganywa kwa uangalifu na iliyochanganywa ovyo hudhuru vilevile.

Tathmini

Katika historia ya biashara Dunhill hutajwa kama mfano wa mtu aliyeona kazi ya ukoo wake ikielekea kufa na kuibadili kabla haijafa: kutoka farasi kwenda magari, kutoka magari kwenda tumbaku. Katika kila hatua alianza na mteja mmoja na shida yake, si na bidhaa iliyokuwa ghalani. Daftari la My Mixture ni ushahidi wa hilo.

Maisha yake yana pia upande mwingine. Mtu aliyehifadhi kwa usahihi matakwa ya wateja aliowaona kwa dakika chache aliiacha familia yake ikaendeleze jina bila yeye. Na uangalifu wake wote aliutoa kwa mmea ambao umewaua watumiaji wake wengi. Wanafunzi wa biashara wanaweza kujifunza kutoka kwake namna ya kusikiliza, kupima na kuandika, kazi ambazo zingefaa vilevile kwa chai, kahawa au viungo. Aina ya jani lililokuwa juu ya mizani ilitokana na zama zake, na madhara yake yalijulikana wakati daftari lilikuwa limekwisha kujaa.